Mlango wa Jikoni

Mdogo wangu Anicet aliporudi nyumbani na nyusi iliyonyolewa mistari miwili, mama alidhani ni urembo wa vijana. Mimi nikakaa juu ya kinu.

Mistari miwili kwenye nyusi ya kushoto ni alama ya genge la Kiwembe, na hapa Ilembo hakuna asiyewajua Kiwembe. Walianza kama watoto wa kukaa kwenye kona tu. Halafu mashimo ya dhahabu yakafungwa, baba zao wakaenda kutafuta mashimo mengine, na wengi hawakurudi. Sungusungu waliolinda mtaa nao walisambaratika siku kamanda wao alipochanjwa uso mbele ya duka lake, mchana, watu wakitazama. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kupuliza filimbi. Maduka yakawa yanafungwa jua likiwa bado kali. Vitoto ambavyo ndevu hazijaota vilipita barabarani na mapanga ndani ya viroba, na sisi watu wazima tukawa wa kwanza kuvisalimia.

"Wamekupa nini?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Hawajanipa kitu, dada. Ila sasa hivi nikipita pale kona, hakuna anayenipiga."

"Na wao wanataka nini?"

Alichokonoa udongo kwa kidole cha mguu. Kisha akaninong'oneza. Jumamosi atamchanja mtu. Mtu wa mtaa wake mwenyewe, anayemjua kwa jina, ili asiwe na pa kurudi. Nikamwambia akimbilie Ugalla kwa babu. Akatikisa kichwa. Akikimbia, watakuja kwa mama.

Jumamosi mama alienda shamba. Wakaja mchana, jua la utosini, Malale, mkubwa wao, akiwa mbele na kiroba chake begani. Walinukia manukato ya dukani kabla hata hawajafika uani. Nyuma kabisa alikuwa Doto, pacha wa pili wa Mama Kulwa, jirani yetu. Doto huyo huyo aliyekuwa akila ugali kwetu mama yake akichelewa sokoni.

"Oya, Anicet! Toka nje, mwanangu. Leo unakuwa mwanaume."

"Mmekula?" niliuliza. Sijui hata kwa nini niliuliza hivyo.

Malale akacheka. "Sista ana adabu huyu! Anicet, mtu umeshampata? Kama bado, mbona huyu yupo hapa hapa?"

Wenzake wakacheka. Doto hakucheka. Anicet alinitazama, na hakunitazama machoni. Alinitazama shavuni.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

"Basi kaeni kivulini kule nyuma," nilisema. "Niwaletee maji. Anicet, njoo tushike ndoo."

Nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka mlango wa jiko, kulikuwa na mzinga wa gogo ambao babu alituletea kutoka Ugalla, umelazwa juu ya nguzo mbili za panda. Sisi tuliolelewa na warina asali tunajua kwamba mzinga hauguswi mchana. Asali hurinwa jua likishazama, kwa moshi, na mwenye manukato hasogei. Nyuki wa mchana wanaua. Hata Malale alijua kidogo, maana alipouona alisogea pembeni. Hakujua tu kwamba mtu anaweza kuuangusha kwa makusudi.

Nilichovya kitenge ndani ya ndoo, nikamfunika Anicet kichwa, nikachukua mchi na kuipiga nguzo. Mzinga ulianguka ukapasuka. Mlio uliotoka mle ndani siwezi kuueleza. Niliusikia kwenye meno. Nikamvuta mdogo wangu jikoni, kwenye moshi wa kuni mbichi, nikafunga komeo.

Nje walipiga kelele kama mbuzi wanaochinjwa. Halafu mlango ukagongwa.

"Dada Fina! Nifungulie! Ni mimi Doto!"

Nyuma ya sauti yake Malale alikuwa akitukana, na panga likapiga ubao karibu na sikio langu. Anicet alinishika miguu.

"Mfungulie, dada! Ni Doto huyo!"

Niliegemeza mgongo mlangoni, nikakaza. Doto aliniita mimi. Kisha akamwita mama yake. Kisha akamwita Kulwa. Kisha hakuita mtu.

Nilipofungua, wengine walikuwa wameshakimbilia bondeni. Doto alikuwa amelala kizingitini, uso umevimba hadi sikuona macho yako wapi. Tulimpakata kwenye bodaboda mimi na Anicet, tukamwahisha hospitali. Hakufa, ila bado ni wa kitandani. Jicho la kulia halitapona.

Leo wameniita mbele ya ofisi ya mtaa. Mwenyekiti amesimama, kiti chake amempa Malale, mwenye uso ambao bado una mabonge. Watu wote wazima wa Ilembo wako hapa na hakuna anayemtazama.

"Binti yangu," anasema mwenyekiti kwa sauti ndogo, "piga magoti, omba radhi, yaishe."

"Akipiga, tunasahau," anasema Malale. "Asipopiga, tunarudi."

Mama Kulwa ameketi chini, kanga imemfunika kichwa. "Fina," ananiita. "Sauti yake uliisikia?"

"Niliisikia, mama."

"Ulijua ni yeye?"

"Nilijua."

Anicet yuko kando ya mama yetu. Tangu siku ile hajaniambia neno. Lakini nyusi yake imeanza kuota, na hajainyoa tena. Wote wanayatazama magoti yangu. Wanangoja yakunjike.

"Mama Kulwa, Doto nitamwogesha na kumlisha mpaka mwenyewe aseme basi. Lakini mlango ule, wakija tena leo, nitaufunga vile vile. Kwako siombi radhi. Kwa huyu mliyempa kiti siombi. Rudini majumbani kwenu. Siombi."