Mifupa ya Pweza

Jihan Yeslam aliuza leso Biashara Street miaka kumi na minane kabla ya kujiandikisha darasa la katuni za kompyuta kule Mbaraki. Hata mwalimu wao, Truphosa, alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi.

Zoezi la mwisho lilikuwa kumfanya kiumbe wa baharini aende kwa sekunde kumi. Wenziwe walichagua samaki. Jihan akachagua pweza.

Kwenye kompyuta, kiumbe haendi mpaka atiwe mifupa. Ukivuta mfupa, mwili unafuata. Jihan alitia minne kila mkono. Pweza aliponyanyua mkono, ukavunjika katikati kama kiwiko. Darasa zima likacheka.

"Dada Jihan, zimebaki siku nne," Truphosa alimwambia kwa upole. "Chukua samaki. Hakuna atakayekulaumu."

"Nitajilaumu mwenyewe, mwalimu."

Asubuhi yake alikwenda sokoni kwa ami yake Muhdhar, muuza samaki. Ndani ya beseni mlikuwa na pweza hai.

"Nikupigie huyu alainike kwa kupika?" ami aliuliza.

"La, ami. Nataka kumtazama tu."

Alisimama saa mbili, simu mkononi, akimrekodi. Mteja mmoja alipomtaka yule pweza, ami alimjibu, "Huyo ana mwenyewe."

Hatimaye Jihan akaona. Mkono haukunjiki mahali pamoja. Mkunjo huanzia shinani, ukakimbia hadi ncha, kama leso inapokung'utwa.

Alirudi darasani akafuta kazi yote. Safari hii alitia mifupa ishirini kila mkono, kila mmoja ukichelewa kidogo nyuma ya mwenziwe. Mifupa aliweza kuinakili, lakini si mwendo: mikono yote ikienda sawa, pweza alifanana na mwamvuli. Basi akauendesha mkono mmoja mmoja, siku tatu, bega likimuuma.

Siku ya maonyesho, pweza alitoka pangoni, akapapasa jiwe, akapanda. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa mbele aliomba aonyeshwe tena.

"Umefaulu, dada," Truphosa alisema, akiandika alama. "Ila mkono mmoja wa nyuma unazama ndani ya jiwe."

"Nimeuona. Nipe hadi Jumatatu."

"Si nimekwambia umeshafaulu?"

"Nimekusikia, mwalimu," Jihan alisema, akivuta kiti karibu na kompyuta. "Nipe hadi Jumatatu."