Kubwiro Asiye na Utepe Machoni

Naapa kwa meno yangu saba yaliyobaki: haya yote ni kweli tupu, na anayebisha aje jimboni kwetu Isabela aniulize nikiwa nimeshiba.

Asubuhi ile ya Aprili nilikuwa nimejibanza kwenye mianzi ya korongo letu, nikipiga mluzi kama ndege kubwiro. Si kubwiro wa kila siku, mwenye utepe mweusi machoni kama jambazi, anayetumalizia mapapai. Namsema yule mwingine, wa njano iliyoingia ukijani, asiye na utepe, mdomo mnene wa kijivu. Huyo hayupo popote duniani ila kisiwani kwetu Luzon, na hata huku amebaki mmoja hapa, wawili kule. Wataalamu walikaribia kumfanyia matanga, kisha akaonekana tena. Sasa wamemweka ngazi ya mwisho kabisa, ile ambayo ukiteleza huna pa kushika.

Nilikuwa na sababu. Chini ya mianzi ile kuna chemchemi inayonywesha mpunga wangu. Orensio Baligod, mwenyekiti wa kijiji, alitaka korongo lifyekwe lipandwe mahindi. Mianzi ikienda, maji yanaifuata, nami nakula vumbi. Basi nikaliambia baraza nimemwona ndege yule kwa macho yangu. Baraza likamwita Daktari Herminia Cauilan, mtaalamu wa ndege kutoka mjini. Asipompata hadi saa sita mchana, misumeno inawashwa.

Sikuwa nimemwona. Mluzi wake tu niliujua, tangu ujana nilipokuwa nikipima magogo kiwandani. Magogo mapana hivi kwamba ukianza kuzunguka moja asubuhi, unarudi ulipoanzia ndevu zimeota.

Saa tano na nusu nikapiga mluzi. Daktari akainua kinasa sauti chake. "Tulieni!"

"Mimi nasikia mluzi wa pengo," alisema Orensio, ambaye huniita Manong, yaani kaka mkubwa. "Na Manong Anselmo mwenyewe yuko wapi? Ndege wake anaimba, yeye hayupo?"

"Anaharisha," mke wangu Rufina akadakia. "Tangu jana. Nikuletee ushahidi?"

"Haitoshi," Daktari akanong'ona. "Lazima aimbe tena, na lazima nimwone."

Amwone! Harufu ya petroli ikanifikia. Vijana walikuwa wanajaza misumeno. Nikapiga mluzi tena, midomo mikavu. Hapo ndipo majimoto, wale chungu wekundu, walipoingia kwenye suruali, wakapanda hadi pahala nisipopaandika. Nikauma ulimi. Nikahesabu hadi kumi. Kwenye saba nikarudi nyuma hatua moja, nikakanyaga kichuguu.

Sasa, kwetu hakuna mtu anayekanyaga kichuguu msituni bila kuwaomba radhi wasioonekana. Utaamka mdomo umepinda. Kinywa changu kilitangulia akili.

"Bari-bari, Apo!" nikapaza sauti. Samahani, wakubwa, napita tu.

Vichwa vyote vikageukia mianzi.

"Ndege anaomba radhi," alisema Orensio. Akaingia akanitoa kwa ukosi wa shati. "Toka, Manong. Toka na manyoya yako. Vijana, washeni!"

Msumeno wa kwanza ukanguruma. Nikafumba macho.

"Zima!" Daktari alikuwa amebana vifaa vya kusikilizia masikioni kwa mikono miwili. "Zimeni, nasema!"

"Daktari, tapeli mwenyewe si huyu hapa?"

"Sikilizeni."

Akairudisha sauti iliyonaswa, sote tusikie. Ikaja kelele yangu, bari-bari, na nyuma yake, wakati huohuo, mluzi laini, mzito, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa.

"Tata Anselmo," Daktari akaniita kama baba yake, "unaweza kupiga kelele na mluzi kwa pamoja?"

"Siku hizi, hapana."

Tukainua vichwa. Jani moja likatikisika, kisha akatokea: njano ya kijani, mdomo wa kijivu, machoni hana kitu. Akatutazama kama watu waliovamia nyumba yake. Kijana aliyewasha msumeno ndiye wa kwanza kuuweka chini.

"Amekuja kukufukuza," Daktari akaniambia, bila tabasamu. "Amedhani wewe ni dume mwenzake. Ni msimu wa viota. Ungeendelea saa moja zaidi, mayai yangepoa."

Hilo liliniuma kuliko majimoto.

Orensio aliitia sahihi karatasi ya kulinda korongo palepale, kisha akanigeukia. "Korongo limepona. Wewe bado. Umewaita wasioonekana katikati ya uongo. Watataka chao."

"Nitawawekea wali kidogo, ading, mdogo wangu."

"Jogoo," alisema Rufina.

"Jogoo yupi?"

"Kwani tunao wangapi?"

Alikuwa jogoo wangu wa mapambano, ameshinda mara kumi na moja, nikawakumbusha.

"Mbili," Rufina akasema mbele ya wote. "Na mara moja mwenzake alikuwa mgonjwa."

Akapikwa kwa tangawizi na papai bichi. Sahani ya kwanza ikawekwa kwenye kichuguu. Iliyobaki, kama ilivyo desturi, ni ya walio hai. Orensio alichukua mapaja yote mawili. Mimi nilipewa shingo, na kabla sijaigusa nikasimamishwa niseme kwa sauti kwamba sikuwa nimemwona ndege yeyote. Nikasema. Wakadai hawakusikia. Nikarudia.