Maji Yaliyopiga Hodi Kwenye Buti la Kushoto

Usiku wa jana niliota nimeitwa kwenye geti la mlima nikajaribiwe pamoja na mabuti ya mjukuu wangu. Barua ya wito ilikuja imefungwa kwenye mguu wa kuku wangu mwekundu.

Kwanza nieleze haya mabuti. Mjukuu wangu Aikande kazi yake ni kuongoza wageni kupanda mlima. Kuna watengenezaji wa viatu walimpa mabuti mapya ya ngozi, mepesi, ukiyashika mkononi unadhani wamesahau kuweka soli. Wakamwambia, panda nayo, ukishuka utuandikie ukweli, yamefaa au hayakufaa. Wakampa na karatasi ya maswali. Safari ilikuwa Jumamosi, siku sita.

Jumatano Aikande alikwenda mjini. Mvua ikanyesha, mabuti yangu ya mpira yametoboka, na ng'ombe zizini analia njaa. Nikavaa yale mapya. Nikasema ni mzigo mmoja tu wa majani. Nikatumbukia kwenye mfereji mpaka magotini.

Nikayaweka darini juu ya moto, pale tunapokaushia mahindi. Jioni nikakuta soli ya kushoto imeachia kwa mbele, imeachama kama kambale. Nikaigandisha kwa utomvu wa ndizi mbichi, nikaikaza kwa gamba la mgomba mpaka ikashika, nikapaka mafuta na masizi pale palipobadilika rangi. Nikayarudisha darini.

Aikande aliporudi akauliza, "Bibi, mabuti yangu yako wapi?"

Nikamwambia, "Nimeyaweka darini yasiliwe na panya. Yako salama."

Ijumaa nikalala na hilo moyoni.

Basi ndotoni nafika getini. Kuna ofisi, ndani yake meza, na nyuma ya meza amekaa ng'ombe amevaa koti la mvua la bluu, amelifunga mpaka shingoni.

"Shikamoo," nikasema, maana alionekana mtu mzima.

"Marahaba, Mama Elikunda. Unisamehe sisimami. Chini ya hili koti sina ngozi. Iko kazini."

"Kazini wapi?"

"Hapo miguuni kwako."

Nikatazama chini. Kweli nimevaa mabuti ya Aikande.

"Haijambo?" ng'ombe akauliza.

"Haijambo. Imelowa kidogo tu."

Akaandika *kidogo tu*, akapigia mstari.

Juu ya meza kulikuwa na mizani ya kupimia kahawa. Ng'ombe akasoma kwenye kitabu, "Kanuni ya kwanza. Mabuti yawe mepesi. Kila buti lisizidi kuku mmoja."

Kuku wangu mwekundu akapanda upande wa pili wa mizani bila kuambiwa, kama mtu aliyezoea hiyo kazi. Likawekwa buti la kulia, kuku akashuka vizuri, akajipanga mabawa. Likawekwa la kushoto. Mizani ikagonga meza, kuku akarushwa mpaka kwenye boriti.

"Humu mna nini?" ng'ombe akauliza. Akaingiza kwato, akatoa mawe mawili ya mferejini, yamelowa, yanachuruzika. Akayasoma. "*Yako*. *Salama*. Haya ni maneno ya nani?"

"Labda ya kuku," nikasema.

Kuku akaniangalia kutoka juu. "Mama Elikunda, mimi nataga tu. Tusitafutane."

Mawe yakawekwa pembeni.

"Kanuni ya pili. Mabuti yavaliwe mpaka yazoee. Yamezoea?"

"Sisi tumezoea," likasema buti la kulia. "Miguu ndiyo bado."

"Basi ivaliwe."

Mabuti yakachukua miguu yangu, yakaivaa, yakaanza kuzunguka nayo mle ofisini. Mimi nimekaa kwenye benchi, nimeishia magotini, nangoja. Kungoja sio shida kwangu, nimekausha kahawa masika.

"Huu unabana kwenye kidole gumba," likasema la kulia.

"Na huu una sugu upande wa nje," likasema la kushoto. "Bibi, huna saizi kubwa zaidi?"

"Ndiyo saizi niliyozaliwa nayo."

"Uliikausha juu ya moto?"

Yakanirudishia miguu bila kusema asante.

Sasa ile ofisi ni jiko langu. Mafiga yako pale pale, sufuria iko pale pale, ila mfereji unapita katikati na hakuna aliyeshangaa. Ng'ombe amekaa kwenye kigoda changu.

"Kanuni ya tatu. Mabuti yasipitishe maji."

Nasimama kwenye mfereji. Maji yanapanda mpaka kwenye kifundo cha mguu, yanasimama. Yanajiweka sawa. Yanabisha.

"Hodi."

"Hakuna mtu," linasema buti la kulia.

Maji yanasogea kushoto. "Hodi."

"Karibu!" linasema la kushoto. "Pita tu, mlango wetu haufungi vizuri. Umeshikwa kwa utomvu wa ndizi."

"Wee, nyamaza," nalinong'oneza.

Maji yanaingia. Yana adabu, siwezi kuyasema vibaya. "Habari za hapa? Wenyeji hamjambo? Ng'ombe anatoa maziwa?" Yanasogea taratibu kati ya vidole vyangu. "Mimi siwapi shida, nitakaa huku kisiginoni. Nikiondoka nitaaga."

Yanakaa. Ni ya baridi, sio baridi ya mfereji wetu.

Ng'ombe anaandika huku akitamka, "Ka-ri-bu."

"Hilo neno sikusema mimi," namwambia.

"Ulimpa nani ufunguo wa mlango?"

Mara ukuta wa jiko ukaondoka, tukawa juu ya mawingu. Mawe matupu, upepo, hakuna hata jani moja la kulisha mbuzi. Mafiga matatu tu ndiyo yalikuja nasi.

"Kanuni ya nne," ng'ombe akasema, akishika kofia ya koti lake. "Buti lishike mwamba, na mwamba ulishike buti."

Nikakanyaga. Mwamba ukanishika kweli. Ukaanza kunisalimia. Ukauliza hali yangu, hali ya watoto, migomba, kahawa, jirani wa juu, jirani wa chini, yule jirani aliyehama. Kila ninapojibu "hawajambo" unanikaza zaidi na kuuliza mwingine. Siwezi kuondoa mguu, itakuwa dharau.

Hapo ndipo nikamwona Aikande.

Yuko mbele yangu, kwenye njia nyembamba upana wa ubapa wa panga. Nyuma yake wageni wanane wamepangana, wanahema. Na yeye amevaa mabuti yale yale niliyovaa mimi. Ng'ombe alisema hilo linaruhusiwa.

Natazama mguu wake wa kushoto. Soli inaachama. Inajivuta mbele, inajivuta nyuma, inatoka. Inashuka mlima peke yake, inatembea kwa kujibwaga, paa, paa, paa. Inafika pale nilipo.

"Unakwenda wapi?" naiuliza.

"Nyumbani jikoni. Huku baridi, na mimi ulinizoesha moto."

"Rudi kwa mwenyewe! Hana pa kukanyagia!"

"Utomvu ulikuwa umenishika, sasa umekauka. Ungenishona ningekaa." Ikanipita. Wala haikukimbia.

Aikande amesimama kwa mguu mmoja. Wa kushoto ameuinua, ameukunja. Chini ya ule mguu hakuna ardhi, kuna wingu. Wageni wanapiga picha. Yeye ananiangalia mimi, haoni kilichotokea, anadhani ni kijiwe kimeingia.

"Bibi," anauliza, kwa sauti ile ile anayoniulizia chumvi iko wapi. "Nikanyage?"

Nikapapasa mfukoni. Nikakuta jani la isale, limeshafungwa fundo, lile tunalompelekea mtu tukimwomba msamaha. Nikamnyooshea.

"Mimi siendi peke yangu," jani likasema. "Sema."

"Si umekuwa ukienda miaka yote?"

"Miaka yote mtu alikuwa anasema. Mimi nilikuwa nasindikiza."

Nataka kusema usikanyage. Nataka kusema mimi ndiye niliyeyavaa, mimi niliyeyaweka motoni. Nafungua mdomo. Ng'ombe anatazama saa yake, anasema imebaki hatua moja.

"Ya nani?"

"Ya Aikande."

Nafungua mdomo zaidi. Na kinachotoka ni yale mawe mawili ya mferejini. Linatoka la kwanza, linatoka la pili, yanabiringika kwenye njia mpaka mbele yake. *Yako. Salama.*

Aikande anayasoma. Anatabasamu. Ananiamini.

Anashusha mguu.

"Bibi, naondoka."

Kulikuwa kumekucha. Moto umeshawashwa, chai iko mezani, kuku anachakura mlangoni kama hanijui. Aikande amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, begi lake liko tayari. Amejishushia mabuti mwenyewe kutoka darini. La kulia ameshalivaa. La kushoto analo mkononi.

Akaingiza mkono ndani kutafuta soksi. Akautoa haraka.

"Bibi. Hili buti mbona lina maji?"

Akaliinamisha, yakatoka kidogo kwenye kiganja chake. Nakuapia, lile buti lilikuwa juu ya moto tangu Jumatano. Mahindi ya pembeni yake yalikuwa yamekauka mpaka yanalia ukiyatikisa.

"Ya baridi haya," akasema. "Kama ya kule juu."

Nikagusa mdomo wangu. Haukuwa na jiwe.

"Usivae hilo," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Majani, mfereji, moto, utomvu, masizi. Nilianza kwa kuzunguka nikamtaja na ng'ombe, halafu nikaacha kumtaja ng'ombe kwa sababu hakuwa na kosa. Nikamalizia, "Nilikuambia yako salama. Hayakuwa salama, na nilijua."

Aikande akaweka kidole kwenye soli, akavuta. Haikumpa taabu yoyote. Ikafunguka mpaka katikati, na kati ya soli na ngozi kukavutika nyuzi nyeusi.

Akazitazama.

"Utomvu wa ndizi, Bibi?"

"Wa ndizi."

"Ningekuwa kwenye yale mawe. Na watu wanane nyuma."

"Ndiyo."

"Bibi!"

"Ndiyo, mjukuu wangu."

Nikatoka nje mpaka mpakani mwa shamba, nikakata jani la isale, nikalifunga fundo, nikarudi nikampa kwa mikono miwili. Safari hii nikasema kabla jani halijaniagiza. "Nimekukosea. Nisamehe."

Akalipokea, akaliweka kwenye mfuko wa begi.

"Nimepokea," akasema. "Lakini bado nimekasirika."

"Kasirika tu. Una siku sita."

Alitaka kucheka, akajizuia, akavua lile la kulia. Akaenda uvunguni akatoa mabuti yake ya zamani, yale mazito, akipita nayo vikombe vinatingishika. Akayakung'uta, akayavaa, akafunga kamba kwa nguvu, nadhani kamba mojawapo ilikuwa mimi.

Halafu akachukua karatasi ya watengenezaji, akaiweka gotini, akaandika huku akinisomea. "Soli ya kushoto iliachia. Kosa sio la buti. Lilikaushwa juu ya moto na bibi yangu."

"Umesema na mfereji?"

"Hapa wanauliza buti limejaribiwa wapi. Nimeandika, kwenye mfereji na jikoni."

"Na utomvu?"

"Bibi, watanielewa hawa?"

"Wameomba ukweli."

Akaandika utomvu. Akanikumbatia kwa mkono mmoja, ule mwingine una begi, akatoka. Nikamsikia akishuka njia ya migombani, zito, zito, zito. Sijawahi kufurahia kishindo cha viatu namna ile.

Nikabaki na buti la kushoto. Bado lilikuwa na maji kisiginoni. Nikalipeleka nje, nikainama kwenye shina la mgomba, nikalimimina polepole yasishtuke. Yakatoka yote.

Sikuondoka hapo hapo. Yalikuwa yameahidi kuaga, na yaliaga.