Meza ya Mwisho ya Skelwick

Hospitali ilinipigia simu Jumatatu. Mgonjwa mmoja ameahirisha, nafasi ya kubadilishwa nyonga imepatikana, nifike Alhamisi saa saba mchana. Nimeisubiri nafasi hiyo miezi kumi na sita, nalala kwa dawa na kupanda ngazi kwa makalio. Ningeshangilia, kama isingekuwa Alhamisi.

Alhamisi ni siku ya soko hapa Skelwick, tangu mfalme mmoja alipotupatia hati ya soko miaka mia nane iliyopita. Enzi za mama yangu, meza zilijaa kutoka msalaba wa mawe hadi mlango wa kanisa, na ng'ombe walifungwa mbele ya baa. Mwuza samaki alipostaafu mwaka juzi, nikabaki peke yangu na mayai yangu na chupa za jamu. Bei siandiki, wanunuzi wangu wachache wanaijua.

Halmashauri inautamani uwanja iufanye maegesho ya magari. Hati inasema soko ni letu maadamu kila Alhamisi, saa ya ukumbi wa mji inapogonga saa sita mchana, kuna muuzaji nyuma ya meza. Ikipita Alhamisi moja bila muuzaji, haki imekufa. Ndiyo maana karani wao husimama kwenye dirisha la ukumbi kila wiki na daftari lake, akiniombea mafua.

Mwanangu yuko Kanada, kwa hiyo nikaanza kuzunguka mjini. Nilihitaji mtu mmoja tu, wa nusu saa.

"Si ungeniambia wiki jana!" alisema Clive wa buchani. "Alhamisi nafungasha nyama za hoteli. Lakini soko likifa, Doreen, itakuwa aibu kubwa."

"Hakuna shida," nikamwambia.

Shida ilikuwepo, tena inatembea na fimbo. Lakini ndivyo tulivyolelewa sisi: mtu akikunyima, wewe ndiye unayemwomba radhi. Pamela wa duka la chai, aliyetundika picha za soko la zamani ukuta mzima, aliniambia baridi inamwingia mifupani. Nikamwambia hakuna shida, nikalipia chai yake iliyopoa.

Nikamwendea Bernard Tuke, mwenyekiti wa chama cha historia, aliyeandika vitabu vitatu kuhusu soko letu.

"Doreen mpendwa, siku yoyote nyingine! Alhamisi nina wageni thelathini. Nawaonyesha soko."

"Soko lipi?"

"Letu!"

"Soko ni mimi, Bernard."

Akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Hapo umenena!"

Nikasema tena hakuna shida. Nilipofika nyumbani nikaipiga ndoo teke kwa mguu mzima, na huo nao ukauma.

Alhamisi nikapanga meza kama kawaida, sikujua la kufanya. Mama alisimama pale hata wiki aliyomzika baba. Saa tano na nusu gari la hospitali likaegesha kando ya baa.

"Bibi, dakika tano," dereva akaniita. "Nina wagonjwa wengine wawili njiani. Tukichelewa, nafasi yako anapewa mwingine."

Hapo ndipo Bernard alipotokea na watu wake chini ya miavuli.

"Na huyu ndiye Doreen wetu! Miaka mia nane, mabibi na mabwana, hakuna Alhamisi iliyokosa!"

Wakanipiga picha. Hakuna aliyenunua hata yai moja. Dereva akapiga honi.

"Bernard," nikasema, "leo itakosa."

"Ana utani huyu," akawaambia wageni.

"Naenda kubadilishwa nyonga. Nilikuomba Jumatatu, ukakataa, nikasema hakuna shida. Shida ipo, Bernard. Shida ipo, na nimechoka nanyi mji mzima."

Mama mmoja akatazama viatu vyake. Nikavua aproni, nikamvisha Bernard shingoni mbele ya watu wote thelathini, nikamsukuma nyuma ya meza. Akabaki pale pale, aproni shingoni. Kwetu mtu hagombani mbele ya wageni, na kwa mara ya kwanza desturi hiyo ilinifaa mimi.

Nikajikokota hadi kwenye gari. Tulipokuwa tunauzunguka msalaba nikateremsha kioo. Wageni walikuwa wameshapanga foleni, maana hapa kwetu mtu akisimama nyuma ya meza, foleni hujipanga yenyewe. Karani alikuwa ametoka dirishani akaja hadi mlangoni pa ukumbi, daftari mkononi. Mwanamke wa kwanza alikwisha kushika katoni ya mayai na pochi yake iko wazi, na Bernard alikuwa amekuwa mwekundu hadi masikioni.

"Doreen!" akapaza sauti uwanja mzima. "Doreen! Mayai ni bei gani?"

Miaka ishirini na mbili ameandika habari za soko hili. Nikapandisha kioo.