Ugoro wa Chuo

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Vijidudu alitengeneza kitu ambacho hakuwahi kukiona kikifanya kazi shambani. Jina hilo alipewa na wanafunzi, naye akalizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja mwisho wa ukumbi wa idara ya kilimo, chenye beseni lenye ufa na feni iliyozunguka ilipojisikia. Humo alilea bakteria wa soya: akawapikia uji wao kwenye chupa za kioo, akawatikisa siku tano, akawachanganya na unga mweusi wa mboji, akafunga pakiti na kubandika lebo. Mkulima huchanganya unga ule na mbegu siku ya kupanda. Bakteria wakiingia mizizini hujenga vinundu, na humo huitengenezea soya mbolea kutoka hewani, bila mtu kununua hata kiganja. Ndivyo vitabu vilivyosema, na ndivyo ilivyokuwa kwenye vyungu vyake sita vya dirishani.

Asubuhi moja Daktari, mkuu wa mradi, daktari wa udongo na si wa watu, alisimama mlangoni na miwani yake ikiwa kwenye paji la uso.

"Mama, safari hii utakwenda wewe."

"Mimi? Mimi ni wa ndani, Daktari. Shambani kuna wenyewe."

"Wenyewe wako wapi? Mmoja yuko masomoni, mmoja amejifungua, mimi nina kikao na wafadhili. Nenda ukajaze fomu tu. Soya ya kile kikundi cha wakulima ni ya njano msimu wa pili huu. Wale watu ni wabishi, hawafuati maelekezo."

Hakubisha. Kubisha kunataka nguvu, na zake zilikuwa zikiishia nyumbani, ambako mama yake mzazi alikuwa kitandani mwaka wa tatu na ilibidi ageuzwe kila baada ya saa chache. Kitanda kilikuwa sebuleni kwa sababu mlango wa chumbani haukukipitisha. Alimkabidhi mama kwa dadake, akapanda gari la chuo. Dereva aliongea saa nne zote za safari, naye alijibu "ehe" tu, kichwa kikigonga kioo.

Aliyewapokea alikuwa mwenyekiti wa kikundi, mwalimu mstaafu aliyewafundisha hesabu nusu ya wakulima wa pale. Kila mtu alimwita Mwalimu hadi leo, na bado alitembea kama mtu anayewahi kengele. Kabla maji ya kunywa hayajafika mezani alikuwa ameshafungua daftari.

"Tulianza thelathini na wawili, tumebaki kumi na tisa," alisema. "Nimeandika kosa la kila mtu. Huyu alichelewa kupanda siku sita. Huyu alipalilia mara moja badala ya mbili. Huyu alirusha mbegu kama anayelisha kuku."

"Na haya unawaambia?"

"Nawasomea mkutanoni. Mtu asipoambiwa kosa lake atalijuaje?"

"Nao wanasemaje?"

Mwalimu alikunja uso. "Wanasema unga wenu ni ugoro wa chuo. Kuna mmoja aliunusa kweli, akapiga chafya mpaka jioni. Watu wa hapa, mama, hutania hata pasipo na utani."

Mama Vijidudu alitaka kucheka, lakini mwili ulikataa. Aliomba waende shambani.

Walianza na shamba la Mwalimu mwenyewe. Mistari ilikuwa imenyooka kama imepigwa rula, nafasi zimepimwa kwa kamba, gugu hata la dawa hakuna. Na soya yote ilikuwa ya njano kama kurasa za kitabu cha zamani, ikiishia magotini wakati ilipaswa kufika mapajani. Alipiga magoti, nayo yakalia. Mwalimu alikuwa ameshashika shina.

"Usivute," Mama Vijidudu alimwambia. "Ukivuta, vinundu vinabaki ardhini. Chimba."

Waliosha mizizi kwenye ndoo. Ilitoka safi, mitupu, kama ndevu za mzee aliyetoka kuoga. Hapakuwa na kinundu hata kimoja. Shamba la pili walipata vinne, vidogo kuliko punje ya ulezi; alipokipasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa cheupe. Kilicho hai huwa chekundu kama nyama mbichi. Shamba la tatu halikuwa na kitu, na la nne vilevile. Aliyewahi kupanda na aliyechelewa, aliyepalilia na aliyeacha magugu yajitawale, wote mizizi yao ilikuwa ileile.

Alikaa chini kwenye tuta, fomu ikiwa mapajani haijajazwa. "Mwalimu, pakiti zikifika mnaziweka wapi?"

Uso wa Mwalimu ulichangamka kwa mara ya kwanza. "Kwangu. Na haijawahi kuibwa hata moja."

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa nzuri, ya matofali, bati jipya, haina dari. Kwenye rafu ya juu kabisa, mkono mmoja tu kutoka kwenye bati, palikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli. Alilishusha kwa uangalifu, akatoa ufunguo uliokuwa umening'inia shingoni mwake kwa uzi. Ilikuwa saa nane mchana. Mama Vijidudu aliweka kiganja juu ya sanduku, akakiondoa haraka.

"Hukaa humu muda gani?"

"Gari lenu huja mapema. Wiki tano, sita, mpaka mvua ishike."

Ndani zilikuwa zimebaki pakiti saba, zimepangwa kama karatasi za mtihani. Alipasua moja, akanusa. Unga ulio hai hunukia kama ardhi iliyonyeshewa sasa hivi. Huu ulinuka jiko lililolala bila moto. Akaigeuza pakiti na kusoma lebo aliyoibandika kwa mikono yake mara elfu na elfu: WEKA MAHALI PAKAVU NA SALAMA. Chini yake zilikuwa nembo tano za wafadhili. Zamani sentensi ilikuwa ndefu zaidi, ilitaja ubaridi na kivuli. Kisha mfadhili wa tano akaja na nembo yake pana, na yeye akaambiwa afupishe maneno. Aliyafupisha akiwa amesimama, mkoba begani, kwa sababu siku hiyo alikuwa akimkimbiza mama kliniki.

"Mwalimu, kaa kidogo."

"Kuna nini?"

"Huu unga si dawa wala mbolea. Ni viumbe hai. Walitoka kwangu wakiwa wazima, joto la humu likawaua. Mmekuwa mkipanda masizi."

Mwalimu hakukaa. "Nimewafungia kwa kufuli," alisema polepole. "Nimelala na ufunguo shingoni."

"Najua."

"Mmeandika salama. Kwangu mimi salama ni mwizi asifike. Mbona hamkuandika ubaridi?"

Angeweza kusema ni Daktari, ni wafadhili, ni mchapaji. Lakini uongo nao ni kazi, na yeye hakuwa na nguvu za kazi nyingine. "Ulikuwepo. Niliyeutoa ni mimi, ili maneno yaenee."

Hapo ndipo Mwalimu alipokaa, juu ya sanduku lenyewe. Alifungua daftari, akatafuta ukurasa, akaukuta, akafunga.

"Mdogo wangu," alisema.

Alieleza kwa vipande vipande. Dada yake wa mwisho alilima kando ya shamba lake. Msimu uliopita, mbele ya kikundi kizima, alimsomea: uvivu, kupanda kwa mazoea. Dada alimsikiliza hadi mwisho. Alisimama, akakung'uta kanga, akaondoka, na tangu siku hiyo salamu zao zilipitia kwa watoto.

"Twende wote," Mwalimu alisema. "Mimi sijui nianzie wapi."

Nyumba ya dada ilikuwa ya udongo, imeezekwa nyasi, ya mwisho ya aina yake katika mtaa ule uliojaa mabati. Alikuwa ameketi kizingitini akichambua mahindi. Hakuinuka, ila alimsogezea mgeni kigoda.

Mwalimu alikohoa. "Mdogo wangu, ile soya..."

"Soya gani? Mimi nalima mahindi."

"Halikuwa kosa lako. Unga ulikufa. Ulifia kwangu, ndani ya sanduku."

Dada aliendelea kuchambua. Punje mbovu huku, nzima kule. Mama Vijidudu akaongeza kwamba kosa lilianza chuoni, kwamba lebo ilikuwa na upungufu, na kwamba kaka yake alifuata kilichoandikwa.

"Mama, wewe sikujui, kwa hiyo sina neno nawe," dada alisema. Kisha akamtazama kaka yake. "Kaka, wewe nilishakusamehe siku nyingi. Damu ni damu. Soya ndiyo sijaisamehe."

"Nifanye nini?"

"Ulinisoma mbele za watu. Nitengue mbele za watu."

Mkutano ulifanyika asubuhi iliyofuata, kwenye darasa la shule lisilo na milango. Walikuja wote kumi na tisa, na wengine wanane waliokwishajitoa, maana habari ya aibu haihitaji mjumbe. Mama Vijidudu alisema yake kwa dakika tano, bila ufundi. Alipomaliza, mwanamume mmoja nyuma aliuliza, "Kwa hiyo misimu miwili tumekuwa tukizika, si kupanda?" Watu wakacheka, kicheko kikali kisicho na raha. Mwingine alisimama, akasema yeye basi, na akatoka kweli, na wengine watatu wakamfuata.

Mwalimu aliinuka na daftari lake. Alianza na jina la dada yake, aliyekuwa amesimama nje dirishani. "Nilisema ni mvivu. Si kweli." Akaendelea, jina baada ya jina, yote thelathini na mawili, hata ya waliotoka. Ilichukua muda mrefu. Kufikia kati, sauti ilimkauka, mwanamke wa mstari wa mbele akampa maji. Dada hakuingia ndani, lakini hakuondoka.

Chuoni, Daktari alisikiliza akiwa amesimama, kisha akasikiliza akiwa amekaa.

"Ripoti ilishakwenda, Mama. Nimeandika kwamba wakulima hawakufuata maelekezo."

"Walifuata. Ndiyo maana wamekwama."

"Na lebo za msimu ujao zimeshachapwa. Elfu nne."

"Nimeziona."

Daktari alivua miwani, akajikanda macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye vikao. Feni ilizunguka kidogo, ikasimama. Mwishowe alivuta karatasi, akaanza kuandika barua ya kusahihisha ripoti. Alifuta mstari wa kwanza mara tatu. "Wafadhili hawatapenda," alisema, na akaendelea kuandika. Mmoja wao hakupenda kweli, akajitoa kabla ya mwaka kuisha.

Lebo elfu nne Mama Vijidudu alizipeleka nyumbani pamoja na muhuri wa mpira uliosomeka: HAI. WEKA PENYE UBARIDI, MBALI NA BATI. Aligonga jioni baada ya jioni. Mama yake, ambaye miguu ilimwacha lakini mikono bado, aliegemezwa mito akagonga zilizo zake, mara nyingine juu chini.

"Hivi ni vya kula?" mama aliuliza.

"Si vya kula, mama. Vinakula vyenyewe."

"Basi vina bahati," mama alisema, na akagonga nyingine.

Tatizo lililobaki lilikuwa mahali pa kuweka. Kipimajoto kilizungushwa katika nyumba kumi na moja. Kwa Mwalimu kilipanda hadi thelathini na tisa. Nyumba iliyoshinda zote ilikuwa ile ya nyasi. Dada alisikia, akacheka mpaka akashika ubavu. Miaka yote hiyo alikuwa akichekwa kwa kukosa bati.

"Nitawatunzia," alisema. "Lakini mimi silimi soya. Tuelewane."

Akafukia mtungi hadi shingoni kwenye mchanga wa kona ya chumba chake, akaulowesha mchanga asubuhi na jioni, na pakiti zikakaa humo hadi siku ya mvua. Kila mkulima alipofuata yake, dada alimwonya achanganye kivulini na afukie mbegu haraka, kwa sauti ya mtu anayekabidhi kifaranga.

Wiki ya saba baada ya kupanda, Mama Vijidudu alirudi. Miezi minne ilikuwa imebaki astaafu, na hakuna aliyekuwa ameajiriwa kujifunza kazi yake. Walikagua mashamba kumi na manne. Tisa yalikuwa ya kijani kilichokolea, mizizi imebeba vinundu kama shanga. Matatu yalikuwa nusu kwa nusu. Mawili yalikuwa yamesimama kwenye maji wiki mbili, na huko hakukuwa na la kusema zaidi ya pole. Kila kinundu alichokipasua kwenye yale tisa kilikuwa chekundu, na kila mara alikitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mwalimu alitembea nyuma yake bila daftari. "Ukistaafu, nani atatutengenezea?" aliuliza.

"Sijui, Mwalimu. Nimeuliza, sijajibiwa."

"Basi tutauliza na sisi. Tutaandika barua, tutie sahihi wote."

"Andikeni," alisema. "Barua ya wengi ni nzito zaidi."

Mwisho walifika kwa dada. Nyuma ya nyumba, kati ya mahindi, kulikuwa na mistari mitatu mifupi ya soya, majani mapana, mabichi. Mwalimu aliiona, akafungua mdomo.

"Usiseme kitu, kaka," dada alisema. "Pakiti moja ilipasuka. Ningemwaga?"

Mwalimu akafunga mdomo. Mama Vijidudu aliomba jembe ili achimbe shina moja, na dada akamkatalia. Alisema soya imeshaota, iachwe, mgeni apumzike kwanza. Akamletea kigoda ndani, ambako kulikuwa na giza kidogo na ubaridi, na Mama Vijidudu akaegemea ukuta. Dereva alipopiga honi, dada alitoka nje akamwambia azime gari, mtu amelala.