Niliweka Jumamosi

Niliweka Jumamosi. Hilo ndilo kosa, na nalisema mapema ili mtu asije akaniambia nimelificha. Mimi ni Millicent Aloo, fundi wa kompyuta katika chuo kimoja kidogo huku Sironga, nje ya mji wa Nyamira, na nilipewa kazi ya kusambaza programu mpya ya mtihani kwenye mashine thelathini na nane za maabara. Si kazi ya kutoa mtu jasho. Unakaa mbele ya seva, ile kompyuta kuu inayozigawia nyingine, unaiambia programu gani, mashine zipi, siku gani na saa ngapi. Nilimaliza Alhamisi kwa dakika kumi huku nakula andazi.

Chuo chetu hufungwa Jumamosi na kufunguliwa Jumapili, kwa sababu wenyewe ni Wasabato. Mimi ni Mkatoliki wa Oyugis, na Ijumaa saa sita mchana niko barabarani naenda kwetu. Nikaona Jumamosi ndiyo siku: hakuna mwanafunzi, hakuna mwalimu wa kulalamika, mtandao wote ni wangu. Mashine zote niliziacha zimewashwa, na saa nne asubuhi seva ingeanza yenyewe. Ofisi ya mitihani ilikuwa imetuandikia kwamba kila mashine ijiripoti kwao ikiwa na programu mpya kabla ya Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Isiyojiripoti haitafungua mtihani Jumapili.

Na mtihani wenyewe haukuwa wa mchezo. Kulikuwa na msichana anaitwa Kemuma, anaurudia kwa mara ya tatu, na mara ya nne hairuhusiwi. Alikuwa akinifuata kila siku. Madam, mashine zitakuwa tayari? Mpaka nikamfokea kwamba anibebee hata kibodi basi kama ana wasiwasi hivyo.

Alhamisi Mzee Obwocha, msimamizi wa jengo, naye aliniuliza hiyo programu nitaiweka lini. Nikamwambia, "Usijali Mzee, inajiweka yenyewe." Akasema sawa, akaenda zake na funguo zake.

Jumamosi basi niko Oyugis nafua. Saa saba nikakausha mikono nione kwenye simu kazi imefika wapi. Ukurasa wa seva haukufunguka. Nikajaribu tena, nikazima simu nikaiwasha, nikapanda mpaka kwenye shamba la juu ambako mtandao hushika vizuri. Wapi. Nikampigia Mzee Obwocha, simu imezimwa. Nikampigia Kemuma, aliyekuwa bwenini.

"Stima zimepotea huko?"

"Stima ziko, madam. Ni jengo la kompyuta tu halina. Mzee huzima swichi kubwa kila Ijumaa kabla jua halijazama."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa. Kwani madam hukuwa unajua?"

Yawa. Miaka miwili nafanya kazi pale na sikujua. Ijumaa jioni huku watu wanamaliza kupika, wanapiga nguo pasi, wanapaka viatu rangi, na Mzee anazunguka akizima kila kitu ili Sabato iingie kukiwa kimya, na mimi saa hizo niko kwetu nakula samaki. Sijawahi kuiona Ijumaa ya Nyamira hata moja.

Nguo niliziacha kwenye beseni. Pikipiki mpaka Kisii, nyingine kutoka Kisii, mvua inaninyeshea njia nzima. Nilikuwa naangalia saa kila dakika kama vile kuiangalia kungeipunguza mwendo. Nilimtukana Mzee moyoni kuanzia Oyugis mpaka Nyakoe. Kutoka Nyakoe nikaanza kujitukana mwenyewe, maana ukweli haukwepeki.

Nilifika kanisani kwao, karibu na chuo, saa tisa na nusu. Walikuwa ndani wanaimba. Nikasimama mlangoni na matope yangu, siwezi kuingia, siwezi kutulia, nahesabu beti. Mzee Obwocha alikuwa mbele kabisa, kwenye viti vya wazee wa kanisa, na suti yake ya kijivu. Akaniona. Akatoka taratibu wimbo ulipoisha.

"Mzee, umenizimia mashine," nikamwambia, hata salamu sikutoa.

"Nimezima. Kila Ijumaa nazima."

"Si ungeniambia."

"Si ungeuliza, binti yangu. Ulisema inajiweka yenyewe."

Nikamweleza yote, mbiombio: seva, saa kumi na mbili, Kemuma na mara yake ya tatu. Nikamwambia pia kwamba nimeangalia: jua litazama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Tukingoja Sabato itoke, tumechelewa kwa dakika arobaini. Hakunibishia. Alitazama nyuma kwenye mlango wa kanisa, akatazama matope kwenye viatu vyangu, akatoa mzigo wa funguo mfukoni.

"Mimi siwashi," akasema. "Na sikutumi uwashe. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilizichukua na kukimbia, na yeye akaja nyuma yangu polepole, sijui kwa nini.

Saa kumi na robo swichi kubwa ilikuwa juu na seva inaamka. Hizo kompyuta zetu ni kuukuu. Kila moja inawashwa kwa kidole, halafu inakaa dakika tano ikijifikiria. Nikawasha nane za kwanza, nikaziruhusu zianze kuvuta programu. Zote nane zikaenda kugombania mtandao huo mmoja mwembamba na hakuna iliyosogea. Hapo nikakumbuka kitu ambacho ningekipanga Alhamisi kama si andazi. Nikasimamisha kila kitu, nikaiambia seva ivute programu mara moja tu, halafu mashine tano ziichukue kutoka kwake, na zilizobaki ziichukue kutoka kwa jirani zake. Nilikosea nywila mara mbili nikapiga meza ngumi.

Saa kumi na moja na nusu mashine tano zilikuwa na programu. Sasa nyingine zilitakiwa ziwe macho ili zipewe, na thelathini zilikuwa bado zimelala. Nikikaa kwenye seva, hakuna wa kuwasha. Nikienda kuwasha, hakuna wa kuangalia seva, nayo ilikuwa inakwama kila mara na kutaka kubonyezwa. Nilikuwa nakimbia huku na huko kama kuku aliyeona mwewe, naongea peke yangu Kijaluo. Kemuma alikuwa nje dirishani. Nilikuwa nimemkataza asiingie, kwa sababu mtahiniwa akigusa mashine kabla ya mtihani matokeo yake yanafutwa. Alikuwa analia bila sauti, na hilo lilinikasirisha zaidi kuliko angepiga mayowe.

Mzee alikuwa ameketi barazani, amenipa mgongo. Sikumwita. Nataka hilo lieleweke: mdomo huu wangu wote, na sikumwita.

Nilisikia kitufe cha kwanza upande wa nyuma wa chumba. Nikageuka. Mzee Obwocha alikuwa ameinama juu ya mashine, Biblia kwapani, kidole kimoja mbele. Akawasha hiyo, akahamia nyingine. Hakunitazama wala hakuharakisha. Aliwasha safu nzima ya dirishani, akarudi na safu ya katikati, akitembea vile anavyotembea siku zote akifunga madirisha.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tatu, zote thelathini na nane zilikuwa zimejiripoti. Nilikaa sakafuni. Mzee akatoka tena barazani, akakaa mpaka jua likazama, ndipo akaja kudai funguo zake.

Jumapili mtihani ulifunguka kwenye kila mashine. Mkuu wa chuo alinipa mkono mbele ya watahiniwa, akasema huyu ndiye fundi. Nikashukuru. Nilikuwa na nafasi ya kusema kosa langu na kazi ya Mzee, na sikusema.

Katikati ya wiki Kemuma akaniambia kwamba Mzee ameomba apumzishwe uzee wa kanisa, na Sabato hiyo ataeleza sababu. Sikwenda Oyugis. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, nimejipanga kusimama niseme kosa ni la nani. Mzee alisimama mbele akaongea Kigusii. Kemuma akanitafsiria sikioni: anasema Sabato iliyopita aliwasha mashine kwa mkono wake. Anasema hakuna aliyemtuma.

Nilingoja anitaje. Hakunitaja. Niliona haya, nikabaki nimekaa.

Hakurudi kwenye viti vya mbele. Alikuja nyuma akitafuta nafasi, na nafasi ilikuwa kando yangu. Nikasogea. Alipoketi, akafungua kitabu cha nyimbo, akakiweka katikati yetu, kwa sababu mimi sikuwa nacho.