Barua ya Kuomba Radhi

Siku ya tatu ya mafunzo ya makocha wa watoto, pale Korogwe mjini, hapakuwa na mafunzo. Palikuwa na kazi moja tu, kumsubiri mgeni rasmi.

Getruda, mfanyakazi wa kiwanda cha mkonge anayewafundisha mbio wasichana wa Ngombezi kila jioni, hakulalamika. Siku mbili alikuwa amevumilia kunakili maneno yaliyomulikwa ukutani, akiwa kati ya watendaji wa vijiji wa Handeni waliokuja kusomea ukocha na viatu vya ngozi. Mmoja wao, wa Kang'ata, aliuliza kama kocha naye analazimika kukimbia, akapigiwa makofi. Getruda alitaka cheti tu. Mwaka huu timu isiyo na kocha mwenye cheti haishiriki mashindano ya wilaya, na wasichana wake kumi na wawili walikuwa wamefanya mazoezi peku tangu Januari.

Siku hiyo Muhidini, mratibu wa mafunzo, alikuwa ameagiza wasichana hao waletwe kwa somo la vitendo. Somo likafutwa. Wakapangwa mistari miwili juani, waimbe mgeni akishuka garini. Mgeni alitakiwa kufika saa nne. Saa saba bado alikuwa njiani, na maji ya chupa yalikuwa kwenye meza kuu, yamefunikwa kitambaa, hayaguswi mpaka yeye afike. Kwenye madaftari ya makocha wote thelathini, somo la jana lilisema mtoto apewe maji kila baada ya dakika kumi na tano. Wengine walikuwa wamelipigia mstari kwa rula.

Saa saba na nusu Rhoda, mmoja wa wasichana hao, mtoto wa miaka kumi, akaanguka. Makocha wakamtazama Muhidini. Muhidini akatazama barabarani.

Hasira zilimpanda Getruda. Alimbeba Rhoda hadi kivulini, akawaita wasichana wengine wote wamfuate, akafunua kile kitambaa na kugawa chupa. Rhoda alipofumbua macho akamnywesha taratibu. Ndipo gari likaingia, na mgeni rasmi akapokewa na uwanja usio na mwimbaji hata mmoja.

Vyeti vikagawiwa. Jina la Getruda halikusomwa.

"Mama, umetuaibisha," Muhidini alimwambia baadaye, ofisini. "Uandike barua ya kuomba radhi, ndipo nikupe cheti."

Getruda alitamani kumrushia kiti. Akawakumbuka wasichana wake, akaomba kalamu. Aliandika sentensi moja: Naomba radhi kwa kumpa maji mtoto aliyezimia, kabla ya mgeni rasmi kufika.

Alimkabidhi, akamkazia macho, akingoja aone uso ukimshuka kwa aibu. Muhidini aliisoma polepole, mara mbili, kidole kikifuata maneno.

"Umeandika vizuri sana, mama," alisema, akimrudishia karatasi. "Ila hapa kwenye mgeni rasmi, anza na mheshimiwa."

Getruda akaichukua kalamu tena, akaongeza.